Namba Kwenye Kioo

Duane alikuwa amelalia boneti niliyoipaka rangi mimi, akiandika kiooni kwa rangi nyeupe ya viatu, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Gari lile, Barakuda ya mwaka sabini, nililifungua na kulifunga kwa mikono yangu miwili. Siku ya talaka yetu akapewa yeye. Nilimchukia kwa hilo na bado namchukia. Sioni sababu ya kumung'unya maneno.

Jumamosi hiyo, kwenye uwanja wetu wa mbio za magari nje ya mji wa Saginaw, tulikubaliana mbele ya watu: atakayeshindwa anamkabidhi mwenzake ufunguo wa gari lake. Mimi nilikuja na gari la marehemu kaka yangu, Chevelle, kitu pekee alichoniachia.

"Arlene!" Duane akaniita. "Bado unahangaika na hilo dude?"

"Dude lina injini ya lita saba nukta nne, nguvu za farasi mia nne na hamsini. Wewe lita saba kavu, farasi mia nne ishirini na tano. Hesabu zinakukataa, baba."

"Karatasi haikimbii! Langu jepesi, linapumua. Leo utaniona kisogo tu."

Watu wakaangua kicheko.

Kwetu mbio hizi si za kuwahi tu. Kila dereva hujiandikia sekunde atakazotumia kumaliza robo maili. Mwenye namba kubwa huondoka kwanza, na anayekimbia upesi kuliko namba yake mwenyewe ameshindwa, hata akitangulia kufika. Duane aliandika kumi na tatu nukta tano. Mwongo mkubwa! Injini ile naijua, inapiga kumi na tatu nukta mbili. Alikusudia kuja mbio, kisha akanyage breki mwishoni ili asiivunje namba yake, na kunipita kwa pua tu. Mimi niliandika kumi na nne, namba ya kweli.

Alipokwisha kufunga mkanda, nikainama dirishani kwake. "Ukigusa breki leo, Duane, wote hawa watajua ulimwogopa mwanamke."

"Hebu niondokee hapa!" Masikio yalishamwiva.

Taa yangu ya kijani ikawaka, nikaondoka. Punde nikamsikia akinguruma nyuma. Nilikuwa mbele yake, na hilo hakuwahi kulivumilia hata tulipokuwa tukitembea kwa miguu kwenda kanisani. Nikaomba Mungu asikanyage breki. Hakukanyaga. Alinipita akipiga honi.

Alishuka amenyoosha mikono juu, anarukaruka. Nilijivuta polepole kumfikia. Nilitaka ashangilie kwanza. Kisha akageuka kuutazama ubao wa matokeo. Namba yake: kumi na tatu nukta mbili. Yangu kumi na nne na ushee, na taa ya ushindi ilikuwa upande wangu.

"Lakini nimekupita! Wote wameona!"

"Wameona. Lete ufunguo."

Mikono ilimshuka. "Ulijuaje sitafunga breki?"

"Nimelala kitanda kimoja na wewe, bwana."

Akanitilia ufunguo kiganjani bila kunitazama. Ulikuwa umelowa jasho lake. Niliupangusa kwenye suruali yangu palepale mbele yake, upande huu, kisha upande wa pili.