Laini ya Mzee Masele

Kurasa za kiwanda cha samaki zilikuwa zimepanda mtandaoni asilimia sabini Jovitha aliposikia ndara za Mzee Masele zikipanda ngazi.

Ilikuwa mwaka 1999. Kampuni yao ya kutengeneza kurasa za intaneti ilikuwa na watu wawili tu, yeye na bosi wake Ponsian, katika chumba kimoja cha ghorofani Kirumba. Mwenye nyumba alikuwa Mzee Masele, na laini ya simu waliyotumia kuingia mtandaoni ilikuwa yake. Walikubaliana kwamba kila asubuhi, saa tatu hadi saa nne, asiguse simu kule chini. Angenyanyua mkonga tu, kazi yote ingeanza upya.

Saa nne kamili Ponsian angemfungulia kurasa hizo mnunuzi wa Ulaya, kulekule kiwandani.

"Zikikosekana," alimwambia Jovitha akitoka, "kazi yako ya majaribio imeishia hapo."

Jovitha aliipenda kazi hii. Aandike Kirumba, asomwe Ulaya saa ileile! Asichokipenda ni kwamba haikujua mgonjwa wala mzazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Naomba simu."

"Dakika kumi na tano tu, mzee."

"Binti yangu Gladness anajifungua, damu imemtoka nyingi. Hospitali wanataka ndugu wa kumtolea. Mimi umri umepita, na kaka zake wako Misungwi. Ningepiga tu huko chini. Lakini tuliahidiana."

Asilimia sabini na nne. Jovitha alitazama saa, akamtazama mzee, akachomoa waya.

"Kapige, mzee."

Alimsikia kule chini akizungusha namba mara tatu, nne, ndipo akasema, "Njooni wote." Ilikuwa saa nne kasoro dakika tano. Jovitha akaanza upya.

Saa nne na robo Ponsian aliingia, shati limelowa jasho.

"Nani kakata?"

"Mimi."

"Ni mzee huyo. Sema ni mzee, tuyamalize."

"Mzee hakugusa simu mpaka nilipomruhusu."

Ponsian alikaa kitini taratibu. "Mgeni kaondoka anacheka, Jovitha. Anacheka. Nipe ufunguo."

Jovitha aliuweka mezani, akashuka. Mzee Masele alikuwa mlangoni, macho barabarani, akingoja wanawe.

"Misungwi ni mbali," Jovitha alimwambia. "Twende hospitali, mzee. Hata mimi nina damu."