Aliyewekwa Katikati

Mama Chaki alikuwa na mkono mwepesi na ulimi mzito. Mpe kitambaa, atakukatia suruali kwa kukutazama tu. Mpe nafasi ya kusema kikaoni, ataanza na mikasi butu na kumalizia na chai isiyo na sukari, na hapo katikati hata yeye mwenyewe hajui kapitia wapi. Ndiyo maana mchana ule wa Jumapili aliketi mezani na uso wa mtu anayeumwa jino.

Kesho yake kulikuwa na kikao. Jora zima la kitambaa cha sare lilikuwa limetoweka katika kiwanda kidogo cha ushonaji alikokuwa mkataji, na bosi alitaka asimame mbele ya mafundi wote aeleze nani kalichukua. Jibu kila mtu alikuwa nalo: fundi wa mashine ya dirishani. Na fundi huyo alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, ambaye Mama Chaki mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi ile. Neno lake moja lingetosha kumfukuzisha.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mpiga pasi alimnong'oneza siku jora lilipokosekana, na Mama Chaki akatikisa kichwa kwa huzuni ambayo, tuseme ukweli, ilikuwa na utamu ndani yake.

Binti yake, aliyekuwa anasomea uuguzi, alimwonea huruma.

"Mama, unaandika maneno mengi halafu unataka uyakumbuke yote. Chora ramani ya mawazo. Jambo lenyewe unaliweka katikati, unalizungushia duara. Kisha unatoa matawi, kila tawi neno moja tu, na tawi nalo linazaa vijitawi. Na utumie rangi. Kichwa kinashika picha upesi."

"Rangi gani sasa?"

"Zenye maana kwako wewe."

Chaki za rangi alikuwa nazo tele, na karatasi ya kaki ya kuchorea vipimo haikukosekana nyumbani kwake. Akaamua bluu iwe ya aliyoyaona kwa macho yake, nyekundu ya aliyoyasikia kwa watu. Binti akamsifu, akaenda zake uani kufua.

Kazi ikaenda kama maji. Aliandika WIFI katikati, kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika juu ya vitambaa. Tawi la kwanza: Kuchelewa. La pili: Simu, kwa kuwa siku hizi wifi alikuwa akitoka nje kila mara kunong'ona na simu. La tatu: Mkoba, maana mkoba wa wifi ungeweza kumeza ndama. La nne: Mchuzi. Hapo chaki ilikatika kwa jinsi alivyoikandamiza. Siku Mama Chaki alipopika kwa mara ya kwanza ukweni, wifi huyohuyo alionja mchuzi mbele ya watu wote, akauliza, "Kwani nyumba hii nani mgonjwa?" Ukumbi mzima ukacheka. Mchuzi huo umeshasahauliwa na kila aliyeunywa, isipokuwa aliyeupika.

Na matawi yote yalikuwa ya bluu, kwa sababu yote aliyaona mwenyewe.

Binti aliporudi na beseni tupu, mama alifumba macho akayataja yote, shina na vijitawi vyake, bila kukwama.

"Umeona? Yamekaa!" mama akajisifu.

Binti aliitazama ile karatasi. "Mama, kilichopotea ni nini?"

"Si jora?"

"Liko wapi hapa?"

Mama Chaki akatafuta. Kuchelewa, simu, mkoba, mchuzi. Jora halikuwepo hata pembeni.

"Umemweka shangazi katikati," binti akasema. "Ukishamweka mtu katikati, kila kitu kitamwelekea yeye. Hata mchuzi."

"Lisemwalo lipo."

"Haya, weka jora katikati tuone kama lipo."

Karatasi ni mali, na Mama Chaki hakuwa mtu wa kutupa. Akaigeuza upande wa pili, akaandika JORA. Safari hii chaki ilisitasita. Alhamisi mchana lilikuwepo rafuni: bluu. Ijumaa asubuhi halikuwepo: bluu. Funguo za stoo: anazo bosi, anazo mpiga pasi, anazo yeye. Wifi hana. Alhamisi jioni gari la mizigo lilikuja, na nani alipakia hakujua, maana alikuwa ameshaondoka. Tawi hilo likabaki tupu. Mwisho akaandika Wifi, kwa nyekundu, na kila kijitawi alichokifuata kilimrudisha kwenye mdomo wa mpiga pasi. Akaanza kumfikiria mpiga pasi, akajizuia. Huyo naye hakumwona akilichukua.

Aliona aibu iliyompandisha joto usoni. Alikuwa tayari kumnyima mtu riziki kwa ajili ya mchuzi.

Jumatatu alisimama, ameishika karatasi kwa mikono miwili usawa wa kidevu.

"Alhamisi niliona jora rafuni. Ijumaa sikuliona. Wenye funguo ni watatu, na mimi mmojawapo. Gari lilipopakiwa sikuwepo. Wifi yangu sijamwona na jora, nimesikia tu. Nani kalichukua, sijui."

Akaketi. Chai haikutajwa kabisa. Bosi alikuna kidevu, akasema ataanza kwa kumuuliza dereva, na mpiga pasi ghafla akawa na kola nyingi za kunyoosha.

Mama Chaki alimtazama wifi yake akitegemea kuona amepumua. Wifi hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa ameikodolea macho ile karatasi, na hapo ndipo Mama Chaki alipokumbuka kwamba karatasi ina pande mbili.

Mafundi walipotawanyika, wifi alikuja mpaka kwenye meza ya kukatia.

"Lete."

Hakukuwa na pa kujificha. Mama Chaki akaitandaza, WIFI juu. Kidole cha wifi kikapita tawi kwa tawi.

"Kuchelewa, kweli. Simu, kweli. Mkoba mkubwa, kweli." Kikasimama. "Na mchuzi? Mpaka leo?"

"Mpaka leo."

"Nilikutania, wifi. Kaka yangu alikuwa kila akifungua mdomo ni wewe tu. Niliona wivu." Akaisukuma karatasi. "Yote uliyoandika ni kweli. Ila hakuna hata moja uliloniuliza."

Mama Chaki akavuta kigoda kwa mguu, akatoa chaki nyuma ya sikio.

"Basi kaa, nikuulize. Simu. Nani anakupigia?"

Wifi aliketi. Akauweka ule mkoba juu ya mapaja, akaukumbatia.

"Hospitali," akasema. "Kaka yangu sijamwambia. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."