Mkaidi Mbele ya Jopo

Shangazi yangu alikuwa muuguzi mkuu kabla ya kustaafu, na mpaka leo nyumba yake anaiendesha kama wodi. Ana presha, lakini hampi mtu mkono aipime. Anadai vijana wa siku hizi husoma sura ya mgonjwa badala ya kipimo, kisha wanamtajia namba ya kumfurahisha.

Wiki ile ya kuelekea usaili wangu wa kazi ya uuguzi alinikalisha kwenye kiti kigumu cha jikoni, yeye akakaa ng'ambo ya meza na bakuli la viazi, akawa jopo zima la usaili peke yake.

"Udhaifu wako ni upi?"

"Nina hasira za karibu."

"Umekosa! Sema unajitoa kazini mpaka unajisahau."

"Shangazi, hayo husemwa na kila mtu."

"Na kila mtu ana kazi. Wewe unayo?"

Sikuwa nayo, na sababu aliijua. Kwenye kliniki niliyotoka, daktari aliagiza kwa simu mama mmoja achomwe sindano. Mama akaniambia dawa hiyo iliwahi kumvimbisha koo. Nikampigia daktari tena. Akasema wagonjwa wanapenda kujifanya wanajua, nichome tu. Nikakataa mpaka aje mwenyewe. Alikuja anafoka, akaandika dawa nyingine, na mama akapona. Kama ile ya kwanza ingemdhuru, hakuna atakayejua. Ila tangu siku hiyo jina langu pale likawa Mkaidi, na mkataba wangu ulipoisha hakuna aliyenong'ona habari za kuuongeza.

"Watakuuliza kama umewahi kupingana na mkubwa wako," Shangazi akasema. "Sema hujawahi. Sema mkitofautiana unamsikiliza, unajifunza kutoka kwake."

"Nimvishe kilemba cha ukoka mtu aliyenitoa kazini?"

"Umvishe, na ukikaze vizuri."

Nilikasirika mno. Lakini nilitamani kurudi wodini hadi mikono ikawa inaniwasha, kwa hiyo nikameza na nikajifunza. Jioni ya mwisho nilijibu maswali yote kwa sauti laini, mikono mapajani, nimetulia kama maji mtungini. Swali la mkubwa wangu lilipofika, nikasema sijawahi kupingana naye, na tabasamu nikaliongezea.

Shangazi hakunisifu. Aliweka kisu chini akanitazama.

"Umejibu vizuri sana," akasema. "Siku nikilazwa, wasikupange wewe kunihudumia."

Iliniuma kama kofi. Maneno yale si alinilisha mwenyewe? Nilifungua mdomo nimwambie, lakini alishainuka kwenda kuosha viazi vyake. Nililala nimenuna.

Kesho yake nilikaa mbele ya jopo lenyewe: daktari mwenye miwani iliyomshukia puani, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti, muuguzi mmoja mtu mzima, na bwana wa utumishi aliyekuwa akitabasamu tangu naingia.

"Umewahi kukataa agizo la mkubwa wako?" mwenyekiti akauliza.

Jibu laini lilikuwa tayari mdomoni. Nikamwona Shangazi anaweka kisu chini.

"Nimewahi," nikasema, na nikawaeleza yote: sindano, simu, hata jina nililopewa. Bwana wa utumishi akaacha kutabasamu.

"Kwani dawa ingemdhuru kweli?" akauliza.

"Sijui."

"Hujui, na bado ulikataa?"

"Nilikataa kwa sababu sikujua. Na aliyeniagiza hakuwa amemwona."

Mwenyekiti akapandisha miwani. "Kwa hiyo hata mimi nikikuagiza, utanikatalia?"

"Mgonjwa akinipa sababu, nitakuita uje umwone. Ukija, nitakushikia trei. Usipokuja, nitakukatalia."

Hakuna aliyecheka. Muuguzi aliandika kitu. Mwenyekiti akasema watakaochukuliwa watapigiwa simu kabla ya jioni, wengine wasisubiri.

Nilimkuta Shangazi amekaa jikoni, meza tupu.

"Ulijibuje lile swali?"

"Niliwaambia ukweli."

"Wote?"

"Mpaka jina la Mkaidi. Kazi ikienda, iende."

Alikwenda chumbani, akarudi na kipima presha chake, akakiweka mezani. Kisha akakunja mkono wa gauni na kuninyooshea mkono wake.

Nilimfunga mkanda, nikaanza kujaza upepo. Simu yangu ikaanza kutetemeka mezani. Shangazi akaichungulia.

"Namba ngeni! Ndio hao! Pokea, wewe mtoto, pokea!"

"Tulia, ukiongea inapanda."

"Wakikata je?"

"Watapiga tena. Nyamaza, Shangazi. Nina mgonjwa."

Akanyamaza, yeye aliyezoea kunyamazisha wodi nzima. Nikaachia upepo polepole, nikaitazama namba ya presha, nikamtajia ilivyo, na haikuwa ya kufurahisha hata kidogo.