Miguu ya Mwinyi

Ragnvi aliinua sururu na kupiga, ikarudi na bonge la udongo ulioganda lisilozidi kiazi. Sixten akalichota kwa sepetu, akalitupa ukingoni. Walikuwa wakichimba handaki la watu wawili tangu asubuhi, na lilikuwa limefika magotini tu. Sajini Niskala alitaka limfike mtu kifuani kabla ya ukaguzi wa kesho mchana.

Ilikuwa Februari, kaskazini kabisa mwa Uswidi, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Makuruta wengine walikuwa kwenye mashimo yao kandokando ya msitu. Kutoka shimo la jirani mtu akapaza sauti:

"Mwinyi, kwenu si mngemwita mtunza bustani achimbe?"

"Nimemwita," Sixten alijibu bila kuinua kichwa. "Amekataa. Anasema anakuogopa wewe."

Wakacheka. Jina la Mwinyi walimpa wiki ya kwanza, waliposikia ukoo wake ni Silfverlod na mmoja wao akakumbuka kasri lenye jina hilo. Hakulikataa. Katika ukoo ule, kila mtoto wa kwanza wa kiume alikuwa ofisa wa jeshi, baba kwa mwana, vizazi kumi. Sixten alikuwa wa kumi na moja, na mwezi uliofuata yangetangazwa majina ya wanaokwenda chuo cha maofisa.

Ragnvi alipiga tena, kisha akagundua kuna sauti asiyoisikia tena. Tangu asubuhi Sixten alikuwa akikanyagakanyaga chini kila alipopumzisha sepetu, kama walivyofanya wote. Sasa alisimama tuli. Anayeona baridi hupigapiga miguu. Anayeacha, ama amepata joto, ama miguu imekwisha kufa ganzi.

"Vidole vyako unavisikia?"

"Niko sawa."

"Sijakuuliza kama uko sawa."

Kila kuruta alikuwa na mwenza wake. Walilala jirani, walikula pamoja, na kila asubuhi walivua soksi wakatazamana miguu, kisha mmoja akaripoti kwa niaba ya wote wawili. Asubuhi ile Sixten alisema ameshajitazama mwenyewe, hakuna tatizo. Ragnvi akaripoti miguu salama. Angekuwa mtu mwingine, angemwambia avue palepale. Lakini babu na bibi wa Ragnvi walikuwa wapangaji kwenye shamba la kabaila kule kusini, na mpaka leo mama yake husimama pembeni gari la kasri likipita. Kumwambia mtu wa kasri avue soksi kulimwia vigumu.

"Kaa chini," alisema sasa. "Vua."

Sixten alikaa ukingoni, akavua. Vidole vitatu vya mguu wa kulia vilikuwa vyeupe kama nta, na Ragnvi alipovibonyeza havikubonyea sawasawa.

"Tangu lini?"

"Jana mchana."

"Na ukanyamaza."

"Kwetu mtu hasemi habari za mwili wake. Babu alivunjika mbavu mbili juu ya farasi, akamaliza gwaride." Hakusema kwa kujisifu. Alisema kama mtu anayeeleza saa ya chakula cha jioni nyumbani kwao.

Ragnvi alifungua koti, akapandisha fulana, akauweka ule mguu tumboni mwake kama walivyofundishwa. Baridi yake ilimkata pumzi.

"Harusi lini?" jirani aliuliza.

"Wewe hujaalikwa. Chimba."

Sixten alingoja mpaka yule akainama tena.

"Mpaka mazoezi haya yaishe Ijumaa tu, Ragnvi. Siku mbili. Nikienda kwa daktari watanirudisha kusini, na jina langu halitatoka. Babu ana miaka themanini na minane. Hana kingine anachongojea."

Ragnvi hakumcheka moyoni. Siku mbili si nyingi, na ombi lenyewe halikuwa la kiburi.

"Na vikikatwa," aliuliza, "chuo kitakuchukua?"

"Sijui."

Alimvisha soksi yake kavu aliyokuwa ameiweka kifuani ipate joto, akatoka shimoni, akaenda kwa sajini.

Aliripoti mambo mawili: vidole vya Sixten, na kwamba ripoti yake ya asubuhi haikuwa kweli kwa sababu hakutazama. Sajini akamuuliza kwa nini hakutazama.

"Nilimwonea haya, afande."

Sajini akasema hilo watalizungumza baadaye, akaita gari la wagonjwa kwa redio.

Gari lilipofika, Sixten alitaka kujua kama atarudi. Sajini alisema daktari ndiye atakayeamua.

"Nitaandika kwamba hukulalamika," aliongeza. "Wengine watalisoma kama sifa. Mimi nitaliandika kama kosa."

Sixten aliitika, "Ndiyo, afande," akapanda. Mlangoni akamgeukia Ragnvi.

"Babu nitampigia simu mwenyewe," alisema. "Sitaki asikie kwa mtu mwingine."

Ragnvi akaitikia kwa kichwa. Gari likaondoka.

Alirudi shimoni. Sasa ilimbidi apige kwa sururu, aiweke chini, achukue sepetu, achote, kisha aanze upya. Sajini alipita, akasema kesho atapewa mwenza kutoka kikosi cha pili. Jua lilipozama, saa tisa na nusu, filimbi ikapulizwa. Handaki lilikuwa limefika mapajani, na kwenye kona ya kushoto jiwe kubwa lilikuwa limeanza kujitokeza. Ragnvi aliligonga mara moja kujua ukubwa wake, akafunika shimo kwa turubai, akaenda kula.