Neno la Shangazi Marta

Wifi yangu Atuganile alishuka kwenye lori pale Uyole mchana wa mvua, mkono umevimba, hana hata khanga ya kubadilisha. Alitoka Iringa, ambako mumewe Sedekia alikuwa kibarua kwenye shamba la tumbaku. Ilikuwa mwaka 1954, na hii ilikuwa mara ya tatu kukimbia kipigo cha mtu yule.

Mume wangu Fanueli, mzee wa kanisa, bingwa wa sala ndefu, alimtazama dada yake kisha akatazama chini.

"Pumzika," alisema. "Mkono ukipoa nitakurudisha."

Nilitamani kumtupia chungu. Lakini nilijua kilichomfunga. Ng'ombe aliotoa Sedekia kumwoa Atuganile ndio walewale Fanueli aliowapeleka kwa baba yangu ili anioe mimi. Atuganile asingeachika mpaka ng'ombe warudi, na ng'ombe walikuwa zizini kwa baba yangu. Ndoa yangu ilisimama juu ya mgongo wa wifi yangu, na nilikuwa nampenda.

Shangazi Marta, dada wa marehemu baba yao, alikuwa akimkanda Atuganile mkono kwa maji ya moto. Hakugeuka.

"Gwe Fanueli, unajua kwa lugha yetu kuna neno la mtu aliyemwua dada yake?"

"Shangazi, mimi sijaua mtu."

"Sijasema umeua. Nakuuliza neno."

Fanueli hakulijua. Hata mimi sikulijua, na nimezaliwa na lugha hiyo.

"Nimelisikia mara moja tu, nikiwa mdogo," alisema Shangazi. "Ilikuwa makaburini. Yule kaka hakushika mkuki wala panga. Alikuwa anamrudisha tu dada kwa mume, anamrudisha, maana ng'ombe zilishaliwa. Siku ya kumzika, shangazi yake akamtamkia lile neno mbele ya watu. Toka hapo hakuna mwanamke wa ukoo aliyepokea hata maji mkononi mwake. Alizeeka peke yake."

Alikikamua kitambaa, akakiweka tena juu ya mkono.

"Anayelitamka ni shangazi, kwa sababu na yeye ni dada wa mtu. Hapa shangazi ni mimi. Sasa niambie, nilitamke leo, au ningoje tumzike?"

Fanueli alilia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake. "Nikizichukua ng'ombe kwa mkwe, mke wangu anaondoka!"

"Basi nitaondoka," nikasema.

Tulipofika kwake, baba yangu, Mzee Yotamu, hakuzunguka. Ng'ombe wakitoka, binti anabaki. Nilimwonyesha pete ya kanisa. Akasema kanisa halifugi ng'ombe.

Nikabaki. Fanueli aliwaswaga ng'ombe mpaka kwao Sedekia, Tukuyu, wazee wakashuhudia, Atuganile akawa huru. Mimi nilijifungua kwa baba yangu, na mume wangu alisimama nje ya ua kumwona mtoto, kama mgeni. Siwezi kusema nilikuwa na moyo mzuri muda wote. Kuna siku nilimlaani Atuganile, na mkono wake, na lori lililomleta.

Kumbe yeye na kaka yake walikuwa wanalima pareto kwa pamoja, shamba la mteremkoni ambalo kila mtu alilikataa. Ilipita misimu miwili. Asubuhi moja mwanangu, ambaye tayari alikuwa anatembea, alinivuta nje nione ng'ombe. Fanueli alikuwa anawaswaga kwa nyuma. Mbele, kamba ya mtamba wa kwanza ilikuwa mkononi mwa Atuganile, katika mkono uleule.

"Wifi," alisema, "nimekuja kukuoa." Tukacheka mpaka tukalia, na baba akafungua zizi.

Miaka baadaye nilimkuta Shangazi Marta akipukuchua maharage, nikamwuliza lile neno lenyewe lilikuwa lipi.

"La nini kwako?" alisema. "Halikupata kazi."

Alikufa nalo. Siku hizi shangazi wa ukoo wetu ni Atuganile, na hata yeye halijui.