Aliyekoroma Ukutani

Siku zile Gladness alikuwa hatulii. Akikaa anainuka, akiinuka anasahau alichoinukia. Tangu mvua zianze, ukuta uliotenganisha chumba chake na cha mama mkwe wake ulikuwa unakoroma.

Usicheke. Ulikoroma kweli, mchana kweupe, kama mtu aliyejifunika blanketi gubigubi: unavuta pumzi, unanyamaza, unavuta tena. Akisogeza sikio, kimya. Akirudi kwenye mchele wake, khrrr. Mumewe Yeremia, aliyefanya kazi dukani mjini kule Mirongo na kurudi nyumbani Misungwi mwisho wa wiki, alisema ni panya. Gladness alizaliwa huko huko mjini, Pasiansi, panya anawajua vizuri. Hawapumui namna ile.

Kilichomkosesha raha zaidi ni kwamba mama mkwe, Evelina, alihamia kwao wiki ileile mvua zilipoanza. Bibi mpole, si mtu wa maneno, mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni. Na huku kwetu macho mekundu yameshawaponza bibi wengi, wakaitwa wachawi. Wengine tumewazika, na aibu yake hatujaimaliza. Gladness aliyajua hayo yote, na bado asubuhi moja pale bombani ulimi ukamponyoka mbele ya jirani.

"Mama Kashindye, tangu yule mama aje, ukuta wangu unapumua."

Afadhali angeyatangaza redioni, kwani si kila mtu ana redio. Jua lilikuwa halijafika utosini na mtaa mzima ulishajua. Evelina alipokwenda bombani, wanawake walivuta ndoo zao kando kumpisha, na heshima ya namna ile haikuwa heshima.

Kesho yake akaja Chenge, mwenyekiti wa kitongoji. Alimkuta Evelina ameketi barazani akimenya viazi, akampita. Chenge, mtu ambaye Evelina angeweza kumzaa, alimpita mama mtu mzima bila shikamoo!

"Jumamosi jioni watu wanakutana kwangu," Chenge alimwambia Gladness. "Mganga atakuwepo. Uje na mama mkwe wako."

Alipoondoka, Evelina aliingia ndani akaanza kukunja kanga zake na kuzitia kwenye mfuko. Kisha akaacha, akakaa kitandani.

"Nikienda kwa dada yangu Magu, watasema nimekimbia kwa sababu ni kweli," alisema. "Nikibaki, sijui watanifanya nini. Wewe ungefanyaje, mwanangu?"

Gladness alitoka barazani akamalizia viazi. Mdomo wake ndio ulioanzisha yote.

Jumamosi ilifika, Yeremia bado yuko njiani. Gladness alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa, akapuliza moto, akauacha uzime. Mwishowe akaingia chumbani akauwekea ukuta kiganja, jambo ambalo kwa woga hakuwahi kulifanya. Ulikuwa umelowa. Bati lilivuja pale, na maji yalikuwa yakishuka ukutani tangu mvua ya kwanza. Vidole vikakuta katundu kadogo kwenye tofali, kembamba kama penseli. Kutoka ndani yake pumzi ikampuliza.

Alipiga yowe, akatoka mbio. Akarudi na jembe.

"Unabomoa nyumba ya mwanangu?" Evelina aliuliza kutoka mlangoni.

"Nitaijenga mwenyewe."

Yalikuwa matofali ya haraka haraka. Kiangazi kilichopita Yeremia na fundi waliyafyatua kwa tope la ukingoni mwa ziwa, mahali maji yaliporudi nyuma. Hawakuyachoma, waliyaanika tu juani. Tofali liliachia, likaanguka sakafuni, likapasuka katikati. Ndani mlikuwa na kifuko cha kahawia, chepesi kama ganda la kitunguu, na ndani ya kifuko mtu wetu amejikunja, mkia umefunika macho. Akajikunjua, akafungua kinywa. Khrrr.

Kamongo!

Mtoto yeyote wa ukanda huu wa ziwa anamjua kamongo. Ni samaki, lakini ana mapafu, na hewa anaifuata juu kama sisi. Bwawa likikauka anajichimbia topeni, anajifunika kwa ute wake, ute unakauka na kuwa mfuko, naye anabakiza tundu la kupumulia tu. Hapo hulala, hata miaka, akisubiri mvua. Huyu walimzoa na tope, wakamtia kwenye kibao cha kufyatulia matofali, wakamjengea ukutani. Bati lilipovuja, yeye alijua bwawa limerudi.

Gladness aliinama. "Usimguse!" Evelina alimkemea. Katika ukoo ule mwanamke hamli kamongo, hampiki, wala hamshiki. "Ngoja wanaume waje."

Wanaume walikuwa kwa Chenge wakimsubiri Evelina. Na shahidi pekee aliyekuwepo duniani alikuwa anagaagaa vumbini. Gladness akamkamata kwa mikono miwili. Kamongo akamng'ata kidole gumba hasa, damu ikatoka, lakini Gladness hakumwachia mpaka alipomtia kwenye beseni la maji. Akajitwika beseni, akamshika mama mkwe mkono, wakaenda.

Kwa Chenge palikuwa pamejaa. Gladness alitua beseni katikati, akaweka kando yake kipande cha tofali chenye kifuko, akaeleza. Halafu mmoja akacheka, wakacheka wote. "Jamani, kamongo!" Ghafla kila mtu akawa na habari zake: huyu aliwahi kumfukua akilima mpunga, yule baba yake alikuwa akiwasikiliza topeni kiangazi. Walijua wote. Wiki nzima walikuwa wanajua, na hakuna aliyekumbuka. Mganga alichukua mkoba wake akaondoka bila kuaga.

Chenge akasogea, uso umemshuka, akamwita mama kwa lugha ya kwao. "Shikamoo, mayu."

Evelina hakuitikia. Alimtazama kwa macho yake mekundu.

"Na kama ukutani msingekuta kitu?"

Kicheko kilikatika. Beseni ndilo pekee lililosikika likipumua. Evelina alikuwa akimtazama Chenge, lakini Gladness alijua swali ni lake, akaona aibu.

Njiani kurudi Evelina alisimama, akachana pindo la kanga yake kuukuu, akamfunga mkwewe kile kidole, taratibu.

"Nisamehe, mama," Gladness alisema. "Ni mimi niliyesema bombani."

"Najua," Evelina alijibu, akakaza fundo.

Yeremia aliziba ukuta Jumapili. Nyumba ikawa kimya. Gladness aliendelea kukaa na kuinuka, na kila alipoinuka alipita mlangoni kwa mama mkwe kuchungulia kama bado yupo. Mfuko wa kanga ulikuwa palepale kando ya kitanda, umefungwa.