Ovaroli Iliyonyooka kwa Pasi

Dobi alikuwa na msemo wake: mtu hutambulika kwa kola. Ndiyo maana ovaroli ya mdogo wake, anayemimina chuma kilichoyeyuka kiwandani, kila wiki ililowekwa dawa ya madoa, ikatiwa wanga, ikapigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Wenzake walimtania kwamba anakwenda harusini, si kwenye tanuri.

Jumamosi mdogo wake alirudi na mkono ndani ya bandeji. Cheche moja tu. Ovaroli ilipokuwa mpya, cheche ziliigonga zikadondoka chini. Hii ilishika, ikapanda mpaka kiwiko.

"Msimamizi anasema uzembe wangu, dada. Jumatatu nirudi."

"Na ovaroli gani?"

"Hiyohiyo. Kwani ninazo ngapi?"

Dobi alifungua kopo lake la vifungo, akatoa kiraka kilichokuja na ovaroli ilipokuwa mpya, ambacho hakijawahi kuonja maji. Akakishika kwa koleo, akakiwasha kwa kiberiti. Kilifuka moshi, kikawa cheusi, na njiti ilipoondolewa kikazima. Kisha akakata kipande cha upindo wa ovaroli yenyewe. Hicho kiliwaka kama karatasi. Moto ulilikaribia koleo, akakitupa kwenye karai la maji.



"Kumbe kitambaa kilitiwa dawa ya kuzuia moto," alisema Dobi. "Nami nimeiua kwa mikono yangu, kwa ile ya madoa, nikaupaka moto wanga ili uteleze vizuri."

"Si uisuuze tu?"

"Wanga utatoka. Dawa iliyokufa haifufuki kwa maji, mdogo wangu."

Hasira ilimpanda Dobi. Alijilaumu, ndiyo, lakini lawama haikumtosha peke yake. Miaka yote hiyo hakuna mdomo uliofunguka kiwandani kumwambia anayefua. Kuwaita watu wampigie makofi meneja anayestaafu waliweza. Hili moja likawashinda.

Jumatatu alfajiri alisimama langoni na ovaroli begani, mdogo wake nyuma yake. Msimamizi alitoka na kikombe cha chai. Wafanyakazi walimwita Mzee Kesho. Glavu? Kesho. Feni? Kesho. Dobi hakuwa amesahau jirani yake aliyeahidiwa miwani ya kazi kesho, akapoteza jicho leo.

"Mama, mambo ya kufua ni ya nyumbani kwenu."

"Na moto je, nao ni wa nyumbani kwetu?"

Waliokuwa wakiingia wakasimama, wengine wakicheka.

"Nimekusikia. Kesho tutaangalia stoo."

"Na yeye anaingia leo au anaingia kesho?"

Hakungoja jibu. Alikata kipande kingine, akakiwasha mbele ya wote. Kicheko kilikatika katikati. Mmoja akaanza kuzikagua ncha za mikono ya ovaroli yake.

"Wewe, mkeo anafua na nini?" Dobi alimuuliza.

"Dawa ya madoa. Halafu ile ya kulainisha, inayonukia."

"Hiyo nayo inawaka. Na wewe?" alimgeukia wa pili.

"Mimi sifui kabisa."

"Ungekuwa salama peke yako, kama si hayo mafuta kifuani."

Walicheka, ila si kwa muda mrefu. King'ora kililia. Mzee Kesho akapiga makofi. "Ndani, ndani. Heri nusu shari kuliko shari kamili."

"Nusu ya nani?" alisema Dobi. "Maana kila mwaka mnatupa sisi ile nusu yenye shari."

Mdogo wake aliichukua ovaroli begani kwa dada yake. Kwa mkono mmoja mzima aliikunja taratibu, kola juu, kama alivyofundishwa nyumbani, akamwekea msimamizi kwenye mikono yake, juu ya kikombe.

"Ivae wewe, bosi. Imepigwa pasi vizuri."

Akaketi ukingoni mwa barabara akiwa na fulana tu. Mzee Kesho aliishika ile nguo mbali na mwili wake, kana kwamba tayari inawaka. Hakuivaa. Nyuma yake, yule wa dawa inayonukia alikuwa ameshafungua kifungo cha kwanza cha ovaroli yake.